Sakafu ya saruji: pima unyevu kabla ya kununua rangi

Watu wakinipigia simu kuhusu sakafu, jambo la kwanza huuliza ni rangi ipi nzuri na inauzwaje. Mimi huwauliza kwanza kama sakafu yenyewe ni kavu. Nafanya kazi ya rangi hapa Tanga, na nyumba nyingi ninazoingia Ngamiani na Mwanzange zimekaa juu ya ardhi yenye maji karibu, nyingine zege lake lilimwagwa bila nailoni chini. Maji hupanda polepole ndani ya saruji yakitafuta hewa. Yakikuta rangi imeziba njia, huisukuma mpaka ifanye malengelenge na kubanduka. Ndiyo maana nasema mwenye pesa kidogo ndiye anayehitaji kupima kuliko mtu yeyote, kwa sababu hana pesa ya kununua kopo la pili.

Kupima hakuna gharama. Kata nailoni nzito inayoonyesha, kama sentimita 45 kwa 45, uibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo. Iweke jioni, uifungue kesho yake jioni. Ukikuta matone chini yake, au saruji pale imekuwa nyeusi kuliko pembeni, unyevu unapanda. Weka vipande viwili vitatu, kimoja karibu na ukuta wa bafu na kingine katikati ya chumba. Na kama huna haraka, rudia kipimo wakati wa masika, kwa sababu sakafu iliyo kavu mwezi wa Agosti inaweza kulowa mwezi wa Aprili.

Ikiwa kuna unyevu, weka pesa mfukoni kwanza. Toka nje uangalie maji ya bati yanadondokea wapi, udongo umeinamia upande gani, bomba la bafu linavuja au la. Mara nyingi mfereji mdogo wa kuyapeleka maji mbali na msingi hufanya kazi kubwa kuliko kopo lolote la dukani. Ukirekebisha hayo na nailoni bado inatoka na matone, sakafu hiyo usiipake rangi. Iache na niru yake, yaani ule uji wa saruji uliolainishwa juu, utandike mkeka unaoweza kuuinua na kuuanika.

Kuna pia ule unga mweupe unaojitokeza juu ya saruji. Ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka chini, maji yakakauka ikabaki. Pwani huku huzidi pale fundi alipotumia mchanga wa baharini. Usiioshe kwa maji ukadhani umeimaliza, kwa sababu itayeyuka na kurudi ndani. Ipige brashi ya waya ikiwa kavu, uifagie, uizoe na kuitupa nje. Ikirudi baada ya wiki chache, maji bado yanapita.

Sakafu mpya nayo ina subira yake. Saruji tunayo, kiwanda kipo hapo Pongwe, na watu humwaga sakafu leo wakitaka rangi Jumamosi. Ngoja angalau siku 28.

Sasa maandalizi, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Mwagia matone ya maji sehemu mbalimbali. Yakinywewa ndani ya dakika chache, saruji iko tayari kushika rangi. Yakikaa juu kama shanga, kuna mafuta, polishi ya zamani, au niru imelainishwa mno. Mafuta ya kupikia na ya taa yaondoe kwa maji ya moto na sabuni ya unga, ukisugua kwa brashi ngumu, suuza, rudia. Polishi isugue mpaka itoke yote. Ikibaki, rangi itateleza juu yake. Niru laini ipige msasa namba 60 au 80 mpaka mng'ao ufe na sakafu ikwaruze kidogo ukipitisha kiganja. Hapo nakusihi: vaa barakoa na nyunyiza maji kidogo unaposugua, maana vumbi la saruji na mchanga linaharibu mapafu, na mapafu hayana fundi.

Wapo wanaokwangua sakafu kwa asidi ya betri. Tafadhali usifanye hivyo. Inaunguza macho na ngozi, na pia ikikutana na saruji hutengeneza jasi laini juu yake, kitu ambacho rangi haitaki kukishika. Msasa na nguvu za mikono vinatosha kwa chumba cha kawaida.

Nyufa zipanue kidogo kwa patasi, toa vumbi, lowesha, kisha jaza mchanganyiko wa saruji moja kwa mchanga laini wa mtoni tatu. Usichanganye gundi nyeupe ya mbao, kwa sababu ikipata unyevu hulainika tena. Sehemu uliyoziba iache ikomae kabla ya kupaka. Ufa unaoendelea kukua mwezi hadi mwezi ni habari ya msingi, muite fundi ujenzi.

Kuhusu rangi, sikiliza hili kwa makini kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza pesa. Rangi ya mafuta ya milango na madirisha haifai sakafuni. Saruji ina ukali wake, na unyevu ukiwepo ukali huo hugeuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Utaona inanata, kisha inachunika vipande vipande. Chagua rangi ya maji iliyoandikwa kwamba ni ya sakafu. Epoksi, rangi ya makopo mawili yanayochanganywa ili igande, ni imara zaidi na inafaa gereji au jiko la mgahawa, lakini ni ghali, na ukishachanganya makopo hayo lazima uitumie yote kabla haijaganda. Kwa joto letu huganda upesi. Chumba cha kulala hakihitaji gharama hiyo.

Hesabu kwa mita. Chumba cha mita 3 kwa 4 ni mita za mraba 12, mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, inakuwa 24. Lita moja ikifunika mita 8, unahitaji lita 3, kwa hiyo galoni moja ya lita 4 inatosha na kubaki. Usikubali kuuziwa ndoo ya lita 20.

Fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke kabisa. Anza asubuhi, madirisha wazi. Pembeni tumia brashi, katikati rola, ukianzia kona ya mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Mkono wa kwanza uongezwe maji kidogo kadiri kopo linavyoelekeza, ili uingie ndani ya saruji. Mikono miwili myembamba inadumu kuliko mmoja mzito, ambao hukauka juu ukabaki mbichi chini. Palipo na maji, kama mlango wa bafu, nyunyiza mchanga laini uliochekechwa juu ya mkono wa kwanza ukiwa mbichi, ufunike kwa wa pili, wazee wasiteleze.

Miguu mitupu inaweza kupita baada ya siku moja. Kitanda na kabati viache wiki nzima nje ya chumba, hata ukilala sebuleni. Unaporudisha vitu, kata ndala kuukuu ubandike vipande chini ya miguu ya kitanda, kiti na cherehani. Rangi iliyobaki ifunike vizuri, kopo ulihifadhi kivulini na uliandike jina la chumba. Ukiona mahali pamechubuka, piga msasa kidogo na ugusishe rangi siku hiyohiyo, kabla maji ya kudeki hayajapita chini ya rangi.