Ninavyowapangia wanafunzi wangu mazoezi kwa akili unde

Nafundisha michezo sekondari hapa Tanga. Kwa mihula miwili sasa, mazoezi ya wanafunzi 34 wa kidato cha pili nayapanga kwa msaada wa akili unde ya kwenye simu. Kama nawe una kundi la vijana, jaribu hivi.

Anza na daftari. Mimi hupima kwa mbio za kwenda na kurudi za mita 20, kipimo alichokibuni Luc Léger wa Kanada. Chupa zilizojazwa mchanga ndizo alama zetu, na milio ya kuwaashiria wawe wamefika mstari inatoka kwenye spika ndogo. Mwendo unaanza kilomita 8.5 kwa saa, kisha unaongezeka nusu kilomita kila dakika; kila dakika tunaiita hatua. Anayechelewa mstari mara mbili mfululizo anatoka, nami naandika hatua aliyofikia. Kesho yake tunahesabu pushapu. Kabla ya yote, uliza nani ana pumu, selimundu au moyo. Hao mpango wao unatoka kwa daktari, si kwenye simu.

Sasa uliza, na uulize kwa urefu. Mara ya kwanza niliandika tu "nipangie mazoezi ya vijana", nikaletewa siku tano za vyuma na kurukaruka. Vyuma nikaviondoa, mengine nikayafuata. Siku ya tatu binti mmoja akakaa chini, kizunguzungu kimemshika. Alikuwa ametoka kwao alfajiri kwa miguu, na tangu hapo hajala. Simu haikuyajua hayo kwa sababu sikuyasema, na mimi sikumuuliza. Bado linaniuma.

Siku hizi naandika hivi: "Nina vijana 34, miaka 14 hadi 16. Wengi hutembea kilomita 4 kuja shule, wengine hawali mchana. Uwanja ni wa mchanga, hatuna vifaa. Tuna dakika 40, mara tatu kwa wiki, saa kumi na nusu jioni, joto kali. Matokeo ya vipimo ni haya. Wagawe makundi matatu, nipe wiki sita." Tumia namba badala ya majina, wala usipandishe picha zao. Ni watoto wa watu.

Jibu likija, lisome na kalamu mkononi. Je, kuna dakika kumi za kupasha misuli? Siku za pushapu na kuchuchumaa zimeachana? Kila wiki kimeongezwa kitu kimoja tu? Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku kwa walio na miaka 5 hadi 17. Mwendo wa haraka wa kuja shule umo ndani ya hizo 60, kwa hiyo anayetoka mbali mpunguzie mbio.

Programu za kuhesabu mazoezi kwa kamera nimezijaribu. Sketi pana inazichanganya, basi wanahesabiana wawili wawili.

Kila Ijumaa waulize wamechoka kiasi gani, moja hadi kumi, uirudishie simu namba hizo. Wakisema nane, iambie ipunguze mazoezi wiki ijayo. Ramadhani ikiingia iambie pia. Sisi hubaki na kunyoosha viungo na kutembea.

Wiki ya saba rudia vipimo, chupa zilezile, saa ileile. Namba 14 alitoka hatua ya 3 akafika ya 5. Nilimwonyesha daftari, akaomba kulishika mwenyewe.