Kupika Kijapani Uingereza, msimu kwa msimu

Mke wangu ni Mjapani, mimi mtu wa Tanga, na makazi yetu ni Reading, magharibi ya London. Siku za kazi zamu ya jikoni ni yangu, kwa hiyo chakula cha kwao nimekijua kwa kukipika. Kama nawe umeoa, umeolewa au unakaa nyumba moja na Mjapani huku, usimalize mshahara kwenye vitu vilivyoletwa kwa ndege. Nunua vile visivyo na mbadala: sosi ya soya, miso (rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi), kombu (mwani mkavu) na katsuobushi (samaki aliyekaushwa kwa moshi na kuparwa). Vingine vyote subiri msimu wa Mwingereza ukuletee.

Anza na maji. London na sehemu kubwa ya kusini-mashariki, maji ya bomba yana chokaa. Chungulia ndani ya birika uone magamba meupe. Chokaa hiyo huibana kombu isitoe ladha, supu ikapooza. Walio Glasgow au Manchester wana raha, maji yao ni laini. Sisi wengine tununue jagi la kuchujia. Weka gramu 10 za kombu kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa, ilale kwenye friji usiku kucha. Kesho yake pasha moto taratibu, na uitoe kombu kabla maji hayajachemka, la sivyo utapata utelezi. Tia konzi ya katsuobushi, zima moto, ngoja dakika mbili, chuja. Hiyo ndiyo dashi, supu ya msingi ya mapishi yao. Supu ya miso bila dashi ni maji ya chumvi tu, usimpe mtu.

Wali: mchele wa sushi wa dukani, ambao aghalabu hulimwa Italia, unatosha kabisa. Sisi wa pwani mkono unakimbilia nazi na chumvi, uzuie. Osha mpaka maji yakaribie kutakata, loweka nusu saa, na wakati wa baridi saa nzima. Vikombe viwili vya mchele, maji viwili na robo. Funika, chemsha, kisha punguza moto kabisa kwa dakika 12. Zima, na usifunue kwa dakika 10 nyingine. Ukoko usiutupe, kwao nako unagombaniwa.

Mapishi mengi yatakwambia utie sake au mirini, pombe za mchele. Kwetu pombe haiingii jikoni. Natia sukari kidogo na maisha yanaendelea. Ila soma lebo ya sosi ya soya, maana nyingine zimeongezwa pombe.

Mwishoni mwa Aprili ndipo kazi ninayoipenda inapoanza. Mitaa ya Uingereza imejaa micheri ya aina ya Kanzan, yenye maua ya waridi mazito, petali juu ya petali, na majani machanga ya rangi ya shaba. Ndiyo aina hiyohiyo ambayo Wajapani hutumia kutengeneza maua ya chumvi, na Waingereza wanaiacha imwagike barabarani! Mti wa mtaani ni wa halmashauri na umekula moshi wa magari, kwa hiyo mwombe jirani mwenye mcheri uani. Chuma maua yaliyofunguka nusu, pamoja na vikonyo vyake. Gramu 100 za maua zioshe polepole, zikaushe kwa kitambaa, uzichanganye na gramu 20 za chumvi na kuzikandamiza kwa sahani yenye uzito juu. Baada ya siku mbili kamua maji, mwagia vijiko vitatu vya siki ya ume, yaani maji makali ya plamu za Kijapani zilizotiwa chumvi (ndimu pia inafaa, rangi hubaki nzuri), acha siku tatu. Yatandaze kivulini mpaka yakauke nusu, yagaagaze kwenye chumvi, tia kwenye chupa. Yakitaka kutumiwa, loweka kwanza yapungue chumvi. Mawili kwenye kikombe cha maji moto ni kinywaji cha harusini kwao. Mimi nayapenda zaidi juu ya tonge la wali.

Kiangazi hakina mambo mengi. Juni zinaingia bakla, jamii ya zile Waarabu wanazopikia fuli: choma na maganda yake mpaka yaungue, fungua, nyunyiza chumvi. Vibua navyo hunona kuanzia kiangazi kwenda vuli. Wapake chumvi nusu saa, futa maji yanayotoka, choma upande wa ngozi kwanza. Pembeni weka figili nyeupe iliyokunwa na matone ya sosi ya soya. Figili hiyo ndefu usiitafute kwa Wajapani kwa bei ya dhahabu. Nenda duka la Wahindi uulize mooli.

Oktoba watu huokota chestinati, kokwa za kahawia zenye utamu, msituni ili kupika na wali. Hapa angalia sana, kuna mti mwingine ambao kokwa zake ni sumu, zile watoto wa Kiingereza wanazochezea na kuziita konka. Konka ina ganda lenye miiba michache minene, na kokwa yake ni ya mviringo. Chestinati ya kuliwa imejaa miiba membamba kama kalunguyeye, na kokwa ina kijincha. Ukiwa na shaka, nunua sokoni.

Januari ni mwezi wa madanzi. Waingereza huyaita machungwa ya Seville na kuyageuza yote marmaleti, jamu ya kupaka mkate. Wajapani wana ndugu yake, daidai, ambalo hupambia mwaka mpya. Danzi tunalolijua sisi ndilo hilo. Kamua mpaka upate mililita 100 za maji yake, tia sosi ya soya kiasi hichohicho, kipande cha kombu, katsuobushi konzi moja na sukari kijiko kidogo. Weka kwenye friji wiki moja, kisha chuja. Hiyo ni ponzu, sosi ya kuchovyea, na msimu ni wa wiki chache tu, kwa hiyo kamua mengi ugandishe maji yake.

Ponzu inataka nabe, chakula cha kupikia mezani. Sufuria ya dashi katikati ya meza, mapaja ya kuku yaliyokatwa, kabichi ya Kichina, uyoga, tofu na liki (jamii ya kitunguu, ndefu na nene), ambazo baridi ya huku huzitia utamu. Kila mtu anachota na kuchovya. Vikiisha, usimwage supu: tia wali uliolala, uchemke kidogo, mimina mayai mawili yaliyopigwa, zima moto, funika dakika moja, pakua.