Mrithi wa Ukoo si Msimamizi wa Mirathi: Nyaraka za Kifo Nchini Uganda

Anayetaka kuwapunguzia jamaa zake mizunguko ya ofisini baada ya kifo chake na aandike wosia angali na afya. Sheria ya Mirathi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, inamruhusu kila mwenye akili timamu aliyetimiza miaka 18 kuuandika. Autie saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, nao watie saini zao mbele yake. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu wala mume au mke wa mtu huyo, kwa kuwa wosia utasimama lakini zawadi yake itaanguka. Mtaje mtekelezaji wa wosia, mlezi wa watoto wadogo, namba za hati za ardhi, vibanja (vipande unavyovimiliki kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine), akaunti na madeni, yale unayodaiwa na yale unayowadai wengine. Ukioa au kuolewa baadaye, andika upya, maana ndoa huufuta wosia uliotangulia. Kwa Mwislamu, dini humruhusu kuusia hadi theluthi moja tu ya mali yake, na si kwa mrithi ambaye tayari ana fungu lake.

Kifo kikitokea hospitalini, msiondoke bila cheti cha daktari kinachoonyesha sababu ya kifo. Kikitokea nyumbani, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ndiye wa kuandika barua. Karatasi hiyo hupelekwa NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, ili cheti cha kifo kitolewe. Hakikisheni jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye hati ya ardhi, kwa sababu marehemu aliyekuwa Abdallah huku na Abdullah kule atawagharimu viapo na nauli. Toeni nakala za kitambulisho chake mapema.

Hatua inayofuata inategemea kama kuna wosia. Ukiwapo, mtekelezaji aliyetajwa huuwasilisha mahakamani na kuomba idhini ya kuutekeleza. Usipokuwapo, familia hufanya kikao, huandika kumbukumbu zake, huchagua watakaoomba usimamizi, kisha hutoa taarifa ya kifo kwa Kabidhi Wasii Mkuu wa Serikali, ofisa anayeangalia mali za marehemu, ikiambatanisha cheti cha kifo, barua ya LC1 na orodha ya warithi na mali. Ofisi hiyo ikiridhika hutoa cheti cha kutopinga, ambacho waombaji huenda nacho mahakamani kuomba barua za usimamizi wa mirathi, yaani idhini ya kushika na kugawa mali. Thamani ya mali ndiyo inayoamua kama ombi litakwenda kwa hakimu au Mahakama Kuu. Ombi hutangazwa gazetini kwa siku 14 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na hapo ndipo mtoto aliyefichwa kwenye orodha hujitokeza na kusimamisha kila kitu. Waandikeni wote tangu mwanzo, waliozaliwa ndani ya ndoa na nje yake, kwani sheria haiwatofautishi.

Linalozua ugomvi mwingi zaidi ni cheo cha mrithi wa ukoo, yule ambaye watu wa Buganda humwita omusika na kumsimika siku ya kumaliza matanga. Wengi hudhani kwamba aliyevikwa vazi la magome na kukabidhiwa mkuki amekabidhiwa pia mashamba, ng'ombe na nyumba za kupangisha. Sivyo. Marehemu asipoacha wosia, na iwapo makundi yote ya warithi yapo, watoto na wajukuu hupata asilimia 75 ya mali, mjane au mgane 20, jamaa tegemezi 4, na mrithi wa ukoo 1 tu. Nyumba ambamo familia ilikuwa ikiishi haiingii katika mgawo huo, bali hubaki kwa ajili ya mwenzi na watoto. Heshima ya omusika katika ukoo ni kubwa na haipunguzwi na sheria, lakini hawezi kuuza hata kipande cha kibanja kwa sababu ya kusimikwa peke yake. Anayeshika mali ya marehemu bila idhini anatenda kosa, hata kama wazee wote walimpigia makofi.

Msimamizi akishapewa barua, huzipeleka kwanza ofisi ya ardhi ili hati ziandikwe kwa jina lake kama msimamizi, ndipo azihamishie kwa warithi. Ndani ya miezi 6 huwasilisha mahakamani orodha kamili ya mali na madeni, na ndani ya mwaka 1 hesabu ya kilicholipwa, kilichokusanywa na kilichogawiwa. Risiti ya jeneza, ya hospitali na ya wakili zihifadhiwe pamoja tangu siku ya kwanza.