Laini mbili za intaneti kwenye mtandao mmoja wa ofisi, namna ya kuziunga zisigombane

Ofisi nyingi zikishalipia laini ya pili ya intaneti, mtu anachukua ruta mpya anaichomeka kwenye swichi ileile ilipo ile ya zamani, alafu watu wanaanza kulalamika kompyuta hii ina mtandao ile haina. Sasa hapo ruta zote mbili zinagawa IP (namba ya anwani ya kila kifaa) kwa DHCP, yaani zenyewe bila kuombwa na mtu, kila kompyuta inamfuata aliyewahi kuijibu, na mara nyingi zote zimetoka kiwandani na anwani moja 192.168.1.1, kwahiyo ni vurugu tupu. Swichi yenyewe haichagui laini ya intaneti, inapitisha tu.

Kinachotakiwa ni ruta moja ya kukaa katikati yenye porti za WAN (za kuingizia intaneti) mbili au zaidi. TP-Link ER605 inatosha ofisi ndogo, MikroTik inafanya kila kitu ila inataka mtu mwenye subira, na kama una kompyuta ya zamani yenye kadi tatu za mtandao unaweka pfSense bure, programu inayoigeuza kuwa ruta. Ruta yenye OpenWrt (programu huria ya ruta) nayo inaweza, unaongeza pakeji ya mwan3.

Kabla hujagusa waya elewa kitu kimoja maana ndo kinawaliza wengi: laini ya mega 40 na ya mega 10 hazigeuki laini ya mega 50. Ruta inagawa miunganisho, huu unapita huku ule unapita kule, ni kama dirisha mbili za kukatia tiketi, foleni inapungua ila tiketi yako wewe bado inakatwa na karani mmoja. Mtu mmoja akishusha faili moja kubwa kwa kawaida atapata spidi ya laini moja tu. Faida unaiona watu ishirini wakiwa kazini kwa pamoja. Kuziunga kweli ziwe moja kunahitaji seva nyingine huko nje ya kuunganisha vipande, mfano OpenMPTCProuter, na ofisi nyingi wala hazihitaji hayo.

Kuunga sasa. Modemu ya kwanza kwenye WAN1, ya pili kwenye WAN2, swichi ya ofisi kwenye LAN (porti ya upande wa ndani), na kuanzia hapo hakuna kompyuta wala printa wala waifai inayochomekwa moja kwa moja kwenye modemu. Anwani zisifanane, mfano modemu moja 192.168.1.1, nyingine 192.168.2.1, LAN ya ofisi 192.168.10.1. Anayegawa IP za ofisi ni ruta ya katikati peke yake.

Alafu uamue, unagawa mzigo au unaweka laini ya akiba? Kama laini ya pili ni ya simkadi yenye bando la kuhesabu GB, iache iwe akiba, usiigawie mzigo itaisha siku ya kwanza. Kama zote hazina kikomo gawa kwa uwiano wa spidi, mega 40 na mega 10 unaweka 4 kwa 1. Kwenye pfSense ukiziweka laini daraja moja zinagawana, ukiziweka madaraja tofauti ya pili inasubiri ya kwanza ife.

Tatizo la kugawa ni tovuti za benki na mifumo ya serikali, unaingia kwa IP moja, kurasa inayofuata inatokea na IP nyingine, mfumo unakutoa nje. Dawa ni kumfunga kila mtumiaji kwenye laini moja, kwenye MikroTik ukitumia PCC (njia yake ya kugawa miunganisho) chagua src-address, yaani igawe kwa anwani ya kompyuta ya mtumiaji, au mhasibu umwekee sheria yake kabisa apite WAN1 kila siku na ihamie WAN2 pale tu WAN1 imekufa.

Hapa kwenye kupima laini usipaharakishe. Ruta isiangalie tu kama kebo ipo, kwasababu modemu inaweza kuwaka taa zote vizuri na intaneti ikawa haipo. Iambie ipige ping nje, yaani itume ujumbe mfupi kwa anwani fulani ione kama inajibu, na kila laini iwe na anwani yake ya kupimia, mimi napenda 1.0.0.1 kwa WAN1 na 8.8.4.4 kwa WAN2, alafu DNS ya ofisi (inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP) inatumia 1.1.1.1 na 8.8.8.8. Mbona nimezitenganisha? Kwasababu mifumo mingi inaifunga anwani ya kupimia kwenye laini yake, sasa kama ndo hiyohiyo DNS yako, laini ikifa na DNS imeenda nayo, laini ya pili iko hai ila hakuna kurasa inayofunguka na utatafuta tatizo mpaka jioni. DNS za kampuni za intaneti nazo ziepuke, zingine hazijibu ukizipigia kutoka laini ya kampuni nyingine.

Ukijaribu usichomoe kebo iliyoko kati ya modemu na ruta, hiyo ruta yoyote inaiona. Chomoa waya unaotoka nje kuingia kwenye modemu, uone inachukua muda gani kuhamia. Aliyekuwa kwenye simu ya video ataruka kidogo, hiyo ni kawaida. Rudisha waya uangalie kama watu wanarudi WAN1, maana miunganisho iliyokwisha kuanza inaweza kubaki kulekule kwenye simkadi ikila bando taratibu, ikiwa hivo ifute miunganisho hiyo kwenye ruta ama uiwashe upya baada ya saa za kazi.