Mzani umegoma kushuka? Kabla ya kuacha kula, pima mafuta ya jikoni

Mteja wangu mmoja, mama anayeuza vitenge Kariakoo, alishuka kutoka kilo 95 hadi 84 bila shida kubwa. Baada ya hapo mzani ukagoma. Akaacha chakula cha usiku, ukagoma. Akaongeza kukimbia, ukagoma, na juu yake akawa anasinzia dukani mchana. Mpangilio niliomwelekeza ndio huu, maana wengi wanaoniuliza wako palepale alipokwama yeye. Kama unatumia dawa za kisukari, una mimba, unanyonyesha au figo zina tatizo, zungumza na daktari kwanza.

Hatua ya 1: Hakikisha umekwama kweli

Siku nne si kukwama, wala wiki moja. Jipime kila asubuhi ukitoka chooni, kabla ya chai, andika, na mwisho wa wiki tafuta wastani. Wastani ukikaa palepale wiki tatu au nne, na futi ya fundi cherehani ikisoma kiuno kilekile, hapo umekwama. Kiuno kikipungua huku kilo zimesimama, endelea na ulichokuwa unafanya. Pilau ya harusi ya Jumamosi inaweza kukupandisha kilo nzima Jumapili, kwa sababu chumvi na wanga hushika maji. Wanawake walinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, kwani wengi mwili hujaa maji kabla ya hedhi.

Hatua ya 2: Pima mafuta ya kupikia

Hapa nitakaa sana, maana kesi nyingi ninazopata huishia hapa.

Gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Ya wanga au ya protini ina 4. Mtu anakata ugali nusu, anashinda na njaa, kumbe mchicha uliokuwa pembeni umeungwa kwa mafuta yenye kalori kuliko ugali alioacha. Ukimaliza kula tazama chini ya bakuli: yale yanayong'aa ni mabaki tu, mengine umeshakula.

Nunua chupa mpya ya lita moja. Bandika karatasi na uandike tarehe ya kuifungua. Pikeni kama siku zote, msijibane, tunataka ukweli wa jiko. Ikiisha, andika tarehe. Lita moja ina kalori 8,000 na ushee. Nyumba ya watu wanne ikiimaliza kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 290 za mafuta matupu kwa siku. Kwa yule mama ilikuwa inaisha siku ya tano, yaani kama kalori 400 kwa kichwa, na yeye alikuwa na uhakika kwamba anakula "vya kuchemsha".

Sasa yale yanayovuruga hesabu. Ukinunua mafuta ya kupima kidogo kidogo dukani, yamimine yote kwenye chupa moja yenye alama, la sivyo hutajua kitu. Mafuta yaliyobaki baada ya kukaanga samaki yatoe kwenye hesabu, hukuyala. Watoto wadogo hula kidogo, kwa hiyo fungu lako ni kubwa kuliko mgawanyo wa sawa unavyoonyesha. Kama anayepika ni dada wa kazi au mama mkwe, mweleze vizuri unachotafuta. Ukienda kwa lawama, mafuta yatapungua siku mbili kisha yatarudi.

Kijiko nacho hudanganya, vijiko vya nyumbani havilingani. Nenda duka la dawa ununue bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe. Mililita 10 za mafuta ni kalori 80 na kitu. Vuta, mimina kwenye kijiko chako, ujue kinabeba kiasi gani. Ukishajua, bomba liweke kabatini.

Kuhusu aina: alizeti ya Singida, mawese, mafuta ya nazi, ya zeituni, kwa upande wa kalori yote ni mamoja. Tui la nazi ni mafuta pia. Kikombe cha tui zito kinaweza kupita kalori 450, na wali wa nazi hauli kikombe kimoja ukiwa wa familia. Mandazi, sambusa na chipsi za barabarani huwezi kuzipima, basi ziwe za siku maalumu.

Kiasi ninachopenda mimi ni kijiko kimoja cha chakula, mililita 15, kwa kila mtu mzima kwa siku nzima. Usianze kwa kuchemsha mafuta. Weka kitunguu na nyanya na maji kidogo, funika mpaka vilainike, mafuta yaingie mwishoni. Ladha inabaki.

Programu za simu za kuhesabu kalori siziamini sana kwa chakula chetu. Ukiandika "maharage, bakuli moja", simu itajuaje yaliungwa na nini? Na tusijiamini kupita kiasi. Mwaka 1992 watafiti wa New York waliwapima watu waliosema hawapungui hata wakila kidogo, wakakuta kalori walizotaja ziko pungufu kwa asilimia 47.

Sukari ya chai na soda unazijua. Acha.

Hatua ya 3: Ongeza protini

Lenga gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito. Yai moja lina kama gramu 6. Dagaa, samaki, maharage, choroko na maziwa vinatosha, huhitaji kopo la unga wa jimu. Dagaa wa kukaanga hunywa mafuta, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 4: Lala

Hii watu wanaipuuza, na kwa nini sijui, maana haina gharama. Mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Chicago kilitoa utafiti wa watu 10 waliokula kwa kujinyima wiki mbili wakiwa na saa 8 na nusu za kulala, na wiki mbili nyingine za saa 5 na nusu. Kilo walizopoteza zilikaribiana, ila waliponyimwa usingizi, sehemu ya kilo hizo iliyokuwa mafuta ilikuwa ndogo kwa asilimia 55. Walichopoteza zaidi ni nyama ya mwili. Simu ilale sebuleni. Joto la Dar likikuzidi, oga kabla ya kulala na elekeza feni kwenye chandarua.

Hatua ya 5: Punguza kukimbia, inua kitu kizito

Napenda sana klabu zetu za jogging, lakini tuseme ukweli. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anatumia kama kalori 400. Baada ya hapo kundi zima linahamia kwenye supu na chapati mbili, hesabu imefungwa kwa hasara. Isitoshe, aliyejichosha asubuhi hukaa kutwa nzima na huita bodaboda kwa safari ya dakika kumi. Ile miondoko midogo ya siku ndiyo iliyopotea. Angalia idadi ya hatua kwenye simu yako, linganisha na ya miezi ulipokuwa unapungua, kisha irudishe.

Kukimbia kubaki mara mbili kwa wiki. Siku tatu nyingine ziwe za nguvu: kuchuchumaa ukiwa umekumbatia dumu la maji, kuvuta dumu kwa mkono mmoja huku umeinama, push-up ukiegemea ukingo wa kitanda, kunyanyua dumu kutoka chini. Raundi tatu za mara 8 hadi 12. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu ni chuma unachokiongeza kwa kikombe. Mgongo unyooke, na ukiona mara 12 zimekuwa rahisi ongeza lita. Siku mbili za wiki pumzika kabisa.

Mkanda wa kubana tumbo na juisi za "kusafisha mwili" waachie wanaoviuza.

Hatua ya 6: Ikigoma bado

Yape hayo wiki nne. Mwili wa kilo 84 unahitaji chakula kidogo kuliko ule wa 95, kwa hiyo baada ya hapo punguza kama kalori 150 hadi 200 kwa siku, nusu ya ngumi ya ugali hivi. Lakini kama umejinyima miezi mingi mfululizo, una baridi, hasira na usingizi mbovu, fanya kinyume: kula hadi ushibe kwa wiki mbili, chakula kilekile. Mzani utapanda kilo moja au mbili za maji na wanga uliorudi kwenye misuli. Ukipanda zaidi ya hapo, au umechoka muda wote na nywele zinakatika, nenda hospitali wakupime tezi ya shingo na uwatajie dawa zote unazotumia, pamoja na sindano ya uzazi wa mpango.