Kabla hujamwambia paroko unataka ukatekista

Hili nimelijua mwaka huu nikisaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Ukihisi unaitwa kuwa katekista, yaani mwalimu wa dini katika Kanisa Katoliki, usianzie kwa paroko. Mwombe katekista wa kigango (tawi la parokia) umsaidie miezi mitatu bila cheo: kufuta ubao, kuita mahudhurio, kukaa na yule mtoto anayekwama palepale kila akisali "Nasadiki". Kisha waulize wazazi wawili watatu wa jumuiya yenu ndogo ndogo: "Nisipokuja, watoto huniulizia?" Karama hutolewa kwa kufaidiana (1 Kor 12:7), kwa hiyo wito wa mlei (muumini asiye padre wala mtawa) huthibitishwa na wanaohudumiwa. Tena hamu ya kipaza sauti tu haivumilii vumbi la chaki Jumamosi nne mfululizo. Tangu Mei 2021, Papa Fransisko alipoufanya ukatekista kuwa huduma rasmi ya walei, inafaa zaidi kujipima mapema. Njia hii hugoma jumuiya ikiwa na makundi, au ukiwa wewe ndiye mchangiaji wao mkubwa, watakusifu tu. Hapo muulize mwenzi wako wa ndoa, hatakuficha. Na kama umetoka msibani juzi, subiri kwanza huzuni ipungue.