Utando mweupe: namna ya kutenga chembe za kinga kutoka kwenye damu

Kabla hujagusa pipeti, tazama saa iliyoandikwa kwenye tyubu. Jina halinihusu, kwangu hufika namba tu. Nataka saa damu ilipotolewa, na kama haipo naipigia simu wodi kwanza.

Damu iwe kwenye tyubu yenye hepari, dawa ya kuzuia isigande, na ikae kwenye joto la chumba, si frijini. Vaa glavu. Ichanganye nusu kwa nusu na maji ya chumvi yenye bafa, yaani kidhibiti cha uasidi. Kwenye tyubu ya mililita 50 tia mililita 15 za Ficoll, majimaji yenye gramu 1.077 kwa kila mililita. Namba hiyo ndiyo siri yote: chembe nzito kuliko hapo huzama, nyepesi huelea.

Sasa kumimina. Laza tyubu, gusisha ncha ya pipeti ukutani juu kidogo ya Ficoll, uiachie damu iteremke yenyewe taratibu. Ukiona wingu jekundu linazama, umeharakisha.

Zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu mara 400 ya mvutano wa dunia, dakika 30, breki ikiwa imezimwa. Narudia, breki izimwe. Wiki yangu ya tatu kazini niliisahau. Mashine ilisimama ghafla, nikafungua nikakuta tabaka zimevurugika. Mama mwenye damu ile alikuwa ameshajifungua asubuhi hiyo. Damu ya ujauzito haikuwepo tena ya kuomba.

Breki ikizimwa utaona plazma ya manjano juu, kisha utando mwembamba kama pumzi kwenye kioo, kisha Ficoll angavu, na wekundu chini. Utando huo ni limfosaiti na monosaiti, chembe za kinga tunazozitafuta. Njia hii aliichapisha mtafiti wa Norway, Arne Bøyum, mwaka 1968, na bado tunaifuata. Uchote kwa kuzungusha ncha, bila tamaa ya kushuka kwenye Ficoll. Osha mara mbili, kila mara dakika 10 kwa nguvu mara 300 ya mvutano wa dunia, kisha hesabu. Mtu mzima mwenye afya hutoa takriban seli milioni moja kwa mililita ya damu.

Turudi kwenye saa. Nyutrofili, chembe nyingine za kinga zilizo nzito zaidi, zilipaswa kuzama na chembe nyekundu. Wanaoanza wakizikuta kwenye utando hudhani wamechota vibaya, na mara nyingine ni kweli. Lakini damu iliyolala usiku kucha nayo nyutrofili zake hupungua uzito zikapanda. Na kwa mgonjwa wa lupasi (kinga kuushambulia mwili wenyewe), wa kifua kikuu, au kwa mjamzito, zipo nyutrofili nyepesi zilizotoka hivyo mwilini. Hizo si uchafu, ni sehemu ya unachotafiti. Kwa hiyo sampuli ya mtu mwenye afya itolewe na isafiri pamoja na ya mgonjwa. Ya mwenye afya ikiwa safi na saa ni zilezile, nyutrofili hizo ni za ugonjwa au mimba, si za uzembe wako.

Mimi hupaka tone kwenye kioo, nikalitia rangi, nikahesabu seli 200 kwa darubini, nikitafuta viini vilivyogawanyika vipande, alama ya nyutrofili. Asilimia naiandika daftarini kabla ya kutia DMSO, kemikali ya kulinda seli kwenye barafu, na kugandisha, maana nyutrofili hazivumilii baridi ile. Ukiyeyusha mwezi ujao hutazikuta.